Uhuru wa Kusema na Haki ya Faragha ni Ndugu wa Tumbo Moja



1. Mama aliyechafuliwa jina

Si muda mrefu uliopita, katika simu ya ofisi ya parokia uliingia ujumbe mfupi kutoka namba tusiyoijua. Ulisema kwamba mama fulani, muumini wetu, ni tapeli. Kwamba amekopa fedha na kutoroka. Na kwamba kila amfahamuye amhimize kulipa kabla hajafikishwa polisi. Pamoja na maneno hayo palikuwa na picha ya uso wake na picha ya kitambulisho chake cha Taifa.

Tulimwita. Alikuja jioni, khanga ameishusha hadi machoni kama mtu aliyefiwa. Maelezo yake yalikuwa mafupi. Alikuwa amekopa shilingi 50,000 kwa njia ya simu, apate kuwanunulia watoto sare na madaftari ya kufungulia shule. Ili kupata mkopo huo ilimbidi aingize katika simu yake programu ya wakopeshaji. Programu hiyo ilimuuliza maswali mengi kwa Kiingereza, naye, kama wafanyavyo wengi wetu, akabonyeza neno la kukubali hadi maswali yakaisha. Kumbe kwa kubonyeza huko alikuwa amewakabidhi watu asiowajua orodha nzima ya namba zilizokuwamo katika simu yake: za kaka zake, ya mwalimu mkuu, ya mwenyekiti wa jumuiya, za wateja wake wa vitumbua, na ya paroko. Alipochelewa kulipa kwa siku sita tu, wote hao walipelekewa ujumbe ule ule.

Tulidhani kwamba angelilia deni. Haikuwa hivyo. Mama huyu ndiye aliyekuwa na desturi ya kusimama katika mkutano wa mtaa na kuuliza habari za fedha za kisima. Michango ilikusanywa, kisima hakijaonekana. Alituambia hivi: "Baba Paroko, nitasimamaje tena kuuliza fedha za kisima? Nikifungua kinywa tu wataniambia nilipe kwanza deni langu."

Maneno hayo ndiyo yaliyotusukuma kuandika makala hii. Mama yule aliingiliwa katika mambo yake ya siri, na matokeo yake akapoteza sauti yake hadharani. Hakuna aliyemkataza kusema, wala hakuna askari aliyefika mlangoni kwake. Ilitosha kwamba siri zake zimo mikononi mwa wengine.

2. Haki mbili, mzizi mmoja

Tumezoea kuzitaja haki hizi mbili kana kwamba kila moja ina nyumba yake. Uhuru wa kusema tunauona kuwa ni jambo la waandishi wa habari na wanasiasa. Faragha tunaiona kuwa ni jambo la matajiri, watu wenye nyumba za uzio na mbwa. Maskini, husema watu, ana nini cha kuficha? Sisi tunasema kwamba mawazo hayo ni potofu. Mtu aliyenyang'anywa faragha hunyang'anywa pia ulimi. Yule awezaye kusoma barua zako wakati wowote apendao hana haja ya kukuziba mdomo, utauziba mwenyewe.

Jambo hili si uzushi wetu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, katika Ibara ya 18 kama ilivyorekebishwa mwaka 2005, yampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza, na uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari pasipo kujali mipaka ya nchi. Papo hapo, ndani ya ibara hiyo hiyo, yampa uhuru wa kuwasiliana na kinga ya kutoingiliwa katika mawasiliano yake. Nayo Ibara ya 16 yailinda nafsi ya mtu, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake binafsi. Waliozipanga haki hizi hivyo hawakukosea. Walijua kwamba mawasiliano yasiyo na kinga si mawasiliano huru.

Mafundisho ya Kanisa nayo yamekwenda njia hiyo hiyo. Papa Yohane XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris wa Aprili 1963, aliitaja haki ya mtu ya kuheshimiwa na kuwa na jina jema, na katika namba hiyo hiyo, yaani ya 12, akataja haki ya kuitafuta kweli, ya kutoa na kuchapisha mawazo kwa kuzingatia maadili na manufaa ya wote, na ya kupashwa habari za kweli juu ya mambo ya umma. Miaka miwili baadaye Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes, namba 26, uliweka ulinzi wa maisha ya faragha katika orodha moja na chakula, mavazi, makao na elimu. Tuone basi: faragha imewekwa pamoja na mahitaji ambayo pasipo hayo mtu hawezi kuishi maisha yastahiliyo utu wake. Hata maskini anaihitaji. Naam, maskini zaidi, maana kwake jina jema mara nyingi ndiyo mali pekee aliyo nayo.

Tukumbuke pia habari ya Susana katika kitabu cha Danieli, sura ya 13. Wazee wawili wa watu, nao wakiwa waamuzi, walijificha bustanini kumchungulia mwanamke akitaka kuoga. Alipowakatalia, wale wale waliomchungulia ndio waliomsingizia mbele ya mkutano, naye akahukumiwa kufa. Kuchungulia kulizaa kusingizia, na kusingizia kulikaribia kuzaa kifo. Ni nini kilichomwokoa? Ni kijana mmoja aliyethubutu kupaza sauti na kudai kwamba mashahidi wahojiwe mmoja mmoja. Katika kisa hicho kimoja tunaziona haki zetu mbili: ya kwanza ilipovunjwa, ilihitajika ya pili ili kuiponya.

3. "Asiye na kosa haogopi"

Mara nyingi tunapozungumza mambo haya tunajibiwa kwamba asiye na kosa haogopi kuchunguzwa. Hoja hii yaonekana kuwa na nguvu. Kwa hiyo haifai kuipuuza.

Jibu letu la kwanza ni la nyumbani. Hata mtu asiye na kosa lolote hufunga mlango anapooga. Mume na mke hushusha sauti wanapozungumza habari za watoto wao. Mgonjwa humweleza tabibu jambo ambalo hawezi kumweleza jirani. Wahenga walisema kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Hawakusema kwamba mtungi una hatia.

Jibu la pili latoka katika desturi ya Serikali yenyewe. Siku ya uchaguzi kila mpiga kura huingia peke yake mahali palipofichika, huku wasimamizi na mawakala wakimngoja nje. Kwa nini? Kwa sababu sheria inatambua kwamba mtu hachagui kwa uhuru akiwa anatazamwa. Ikiwa siri ndiyo ngao ya kura, ambayo hupigwa mara moja katika miaka mitano, itakuwaje isiwe ngao ya maneno ya kila siku, ambayo ndiyo humwezesha mtu kujua atamchagua nani?

Jibu la tatu latoka kwetu sisi mapadre. Sheria ya Kanisa, Kanuni ya 983, yamfunga padre asiifichue kamwe siri ya maungamo, kwa neno wala kwa namna nyingine yoyote, kwa sababu yoyote ile. Tunajua kwa uzoefu kwamba kama siri hiyo ingekuwa na ufa hata mdogo, viti vya maungamo vingebaki vitupu. Mtu husema ukweli mzito pale tu anapokuwa na hakika kwamba neno lake halitageuzwa kuwa fimbo ya kumpigia.

4. Sheria zetu na mtumiaji wa mtandao

Sasa tuangalie hali ilivyokwenda nchini mwetu. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao. Tunakiri kwamba ilihitajika sheria; wizi wa fedha kwa njia ya simu na picha chafu za watoto si mambo ya kuvumiliwa. Hata hivyo ndani ya sheria hiyo yaliingizwa mambo mawili yaliyotutia shaka tangu mwanzo. La kwanza ni kifungu cha 16, kilichofanya kuwa kosa la jinai kutoa katika mtandao, kwa kujua, habari za uongo, za kupotosha au zisizo sahihi, kwa adhabu ya faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. La pili ni kifungu cha 32, kilichompa afisa wa polisi mwenye cheo cha mkuu wa kituo uwezo wa kumwamuru yeyote mwenye taarifa azitoe kwa ajili ya upelelezi, pasipo kulazimika kwenda kwanza mbele ya hakimu.

Vifungu hivyo viwili vikiwekwa pamoja, mtumiaji hubanwa kwa pande zote. Cha kwanza chamtisha asiseme, na cha pili chafichua jina lake akiisha kusema.

Haya si mambo ya kufikirika tu. Tangu mwaka 2006 upo mtandao wa JamiiForums, ambamo wananchi wengi hujadili mambo ya umma wakitumia majina ya kubuni. Polisi walidai wapewe taarifa za watu walioandika humo tuhuma dhidi ya makampuni ya biashara. Mwanzilishi mwenza wa mtandao huo, Maxence Melo, hakukubali kuwatoa watumiaji wake. Alikamatwa tarehe 13 Desemba 2016, na siku tatu baadaye akafikishwa katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, Dar es Salaam. Kesi iliendelea kwa zaidi ya miaka mitatu. Tarehe 8 Aprili 2020 alitiwa hatiani kwa kosa la kuzuia upelelezi, akaamriwa kulipa faini ya shilingi milioni tatu au kwenda jela mwaka mmoja.

Hatumjadili hapa hakimu aliyetoa hukumu. Alihukumu kwa sheria aliyoikuta mezani. Tunaijadili sheria. Mfanyakazi wa bohari anayeona mali ikitoroshwa usiku, au karani anayeona kodi ikikwepwa, ana watoto wa kulisha. Hawezi kusema kwa jina lake. Akijua kwamba jina lake laweza kutolewa kwa amri ya afisa mmoja, naye hajui afisa huyo ana urafiki na nani, atanyamaza. Na atakapokuwa amenyamaza, aliyefaidika ni mwizi, na aliyepoteza ni Taifa.

Mwaka 2018 zilitoka Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni. Mtu aliyetaka kuandika habari zake katika mtandao alitakiwa kulipa ada na leseni iliyozidi shilingi milioni mbili, na wenye vibanda vya intaneti walitakiwa kuweka kamera na daftari la wateja. Kanuni hizo zilibadilishwa baadaye, na baadhi ya ada zikapunguzwa. Tunashukuru kwa hilo. Lakini swali la msingi labaki pale pale: je, kusema ni haki aliyozaliwa nayo mtu, au ni biashara inayokatiwa leseni?

Tarehe 1 Mei 2019 ulianza usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, na Januari 2020 laini ambazo hazijasajiliwa zilianza kuzimwa. Mamilioni ya watu waliweka vidole vyao. Ila sheria ya kuzilinda taarifa hizo haikuwapo bado. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa Novemba 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Tunaipongeza Serikali kwa kuileta. Hata hivyo tuseme ukweli: tulitoa vidole vyetu kwanza, na kufuli la sanduku likaja kununuliwa miaka mitatu baadaye.

5. Siku za giza

Mwaka 2025 tulifundishwa somo zito zaidi. Mwezi wa Mei mtandao wa X ulifungiwa nchini. Mwezi wa Septemba leseni ya JamiiForums ilisimamishwa kwa siku 90. Kisha tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kote, na kwa muda wa takriban siku tano haikupatikana kwa kawaida. Zilikuwa siku za machafuko, na watu walipoteza maisha.

Hatuandiki hapa ili kuhesabu wafu, wala kuamua nani alifanya nini. Kazi hiyo yahitaji uchunguzi wa haki na wa wazi. Tunaandika juu ya jambo moja tu. Katika siku ambazo kila mzazi alihitaji kujua mtoto wake yuko wapi, njia ambayo wengi huitegemea ilikuwa imefungwa. Waliosema ukweli na waliosema uongo walizimwa kwa swichi moja. Na je, uongo ulikufa? La hasha! Panapokosekana habari, uvumi hushika usukani. Palipofunguliwa tena, picha na maneno ya kutisha yalimwagika kama maji ya bwawa lililobomoka, na hapakuwa na mtu aliyeweza kupambanua kwa urahisi lipi la kweli na lipi la kutungwa.

Tena kuna haki ya mtumiaji kama mnunuzi. Mtu aliyenunua bando kwa fedha yake amefanya mkataba. Duka likifungwa kwa nguvu akiwa ameshalipa, ni nani anayemrudishia? Swali hili laonekana dogo mbele ya msiba, lakini ni sehemu ya haki, nayo haki haina sehemu isiyohesabika.

6. Je, waongo na wachochezi waachwe?

Yuko atakayetuuliza: Je, mnataka kila mtu aseme apendavyo, atukane, asingizie, achochee? Hatutaki hivyo. Tunajua ulimi unavyoweza kuua. Majirani zetu wa Rwanda walitangaziwa chuki kwa redio mwaka 1994, na Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani watu watatu wa vyombo vya habari kwa mchango wao katika mauaji yale. Tunajua pia mabinti walioharibiwa maisha kwa picha za siri zilizosambazwa na wachumba waliowaamini. Kusingizia ni dhambi, na katika mambo mengine ni jinai pia.

Ila tuangalie jinsi wale wa Rwanda walivyohukumiwa. Walishtakiwa kwa tendo linalotajika wazi, kuchochea mauaji, na ushahidi ukatolewa mbele ya majaji, watuhumiwa wakiwa na mawakili. Hawakuhukumiwa kwa sababu maneno yao yaliwakera wenye mamlaka. Sheria njema hutaja kosa kwa jina, ili mwananchi ajue mahali mpaka ulipo. Sheria inayokataza habari "zisizo sahihi" ni kama shimo lisilo na kigingi njiani usiku. Nani miongoni mwetu hajawahi kupokea habari isiyo sahihi na kuipitisha kwa nia njema?

Jirani zetu wa Kenya wametuonyesha kwamba yawezekana kwenda njia nyingine. Aprili 2016 Mahakama Kuu ya huko ilikibatilisha kifungu cha 29 cha sheria ya habari na mawasiliano, kilichokuwa kikiwashtaki watu kwa matumizi mabaya ya chombo cha mawasiliano, kwa kuwa maneno yake yalikuwa mapana mno na hayaeleweki mpaka wake. Februari 2017 ikaamua kwamba kashfa isiwe kosa la jinai. Aliyechafuliwa jina anayo njia ya kudai fidia. Hata mahakama yetu ya pamoja, ile ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha, iliona Machi 2019 kwamba vifungu kadhaa vya Sheria yetu ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 vinakwenda kinyume cha Mkataba wa Jumuiya.

Wakubwa wetu watakumbuka kwamba Tume ya Jaji Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, ilitaja sheria 40 zilizokuwa zikikandamiza haki, mojawapo ikiwa Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976. Sheria hiyo ilikaa hadi mwaka 2016. Tusikubali sheria za mtandao nazo zisubiri miaka ishirini na mitano.

7. Tuanzie nyumbani mwetu

Itakuwa unafiki kuinyoshea kidole Serikali na wakopeshaji, huku tukiacha boriti katika jicho letu. Nasi tunalo la kukiri. Katika baadhi ya parokia zetu orodha ya familia ambazo hazijalipa zaka hutumwa katika kundi la WhatsApp la kanda, majina na kiasi kinachodaiwa, watu mia mbili wakisoma. Tunajiuliza: njia hii ina tofauti gani na ile iliyotumiwa dhidi ya mama yule? Mkopeshaji alitaka fedha, nasi twataka fedha. Yeye alitumia aibu, nasi twatumia aibu. Kanuni ya 220 ya Sheria ya Kanisa yakataza mtu yeyote kuharibu isivyo halali jina jema la mwenzake, au kuivunja haki yake ya kulinda faragha. Kanuni hiyo haikuwekea maparoko ruhusa ya pekee.

Zipo pia picha za wagonjwa tunaowatembelea, wakiwa wamelala na dripu mkononi, zikirushwa ili kuonyesha matendo yetu ya huruma. Yapo majina ya watoto yatima tunaowasaidia. Yapo mazungumzo ya familia yaliyofikishwa kwa baraza la usuluhishi na kesho yake yakasikika sokoni. Na wako viongozi, hata wa walei, wanaomwondoa mtu katika kundi kwa sababu tu ameuliza hesabu za ujenzi. Hapo napo haki zote mbili huvunjwa kwa mkono mmoja.

8. Tudai nini, tufanye nini

Kwanza, tunawaomba watunga sheria warekebishe Sheria ya Makosa ya Mtandao, ili taarifa za mtumiaji zisitolewe ila kwa amri ya mahakama, kwa kosa lililotajwa wazi, na kwa muda uliowekewa kikomo. Na ili kosa la habari zisizo sahihi liondolewe, lakini uchochezi wa mauaji, wizi, na unyanyasaji wa watoto viendelee kuadhibiwa vikali.

Pili, tunaomba iwekwe katika sheria kwamba mawasiliano ya nchi nzima hayazimwi. Ikidaiwa kwamba pana hatari ya pekee, basi hoja hiyo ipelekwe mbele ya jaji, na wananchi waelezwe.

Tatu, wakopeshaji. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Ni hatua njema. Ila programu hubadili jina kama nyoka anavyobadili ngozi. Kila masharti ya mkopo yaandikwe kwa Kiswahili, na iwe marufuku kwa mkopeshaji kuzigusa namba za simu za watu wasiohusika na mkopo. Deni ni la mdaiwa. Ndugu zake, mwalimu wa watoto wake na paroko wake hawakutia sahihi.

Nne, sisi wenyewe tuzitumie haki tulizo nazo. Sheria ya mwaka 2022 yampa kila mtu haki ya kujua ni taarifa gani zake zimehifadhiwa na nani, ya kudai zirekebishwe zikiwa na makosa, ya kukataa zisitumiwe kwa matangazo ya biashara, na ya kudai fidia akidhurika. Malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Haki isiyodaiwa hulala, na ikilala muda mrefu huzikwa.

Tano, tulinde ndimi zetu. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Kabla ya kupitisha habari, tujiulize kama ni ya kweli, na kama ni yetu kuisema. Habari ya ubadhirifu wa mali ya umma ni ya watu wote. Habari ya ugonjwa wa jirani ni ya jirani. Mtu anayeweza kutofautisha mambo hayo mawili amekwisha kuelewa makala hii yote.

Tumalizie pale tulipoanzia. Jumuiya ilichanga, deni likalipwa, lakini ujumbe ule hauwezi kurudishwa. Umo katika simu za watu hadi leo. Katika mkutano wa mtaa uliofuata mama yule alihudhuria, akakaa nyuma kabisa karibu na mlango, khanga mabegani. Hakusimama. Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye swali, wakatazamana, mkutano ukafungwa. Fedha za kisima hazijaelezwa, na akina mama wa mtaa ule wangali wakinunua maji kwa ndoo.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya Ndogondogo

1. Je, yupo miongoni mwetu aliyewahi kunyamaza juu ya jambo la haki kwa kuogopa siri zake zisitangazwe? Tumsaidieje bila kumlazimisha kuzisema?

2. Katika parokia yetu, ni taarifa gani za watu hutumwa katika makundi ya simu bila ridhaa yao? Nani atazungumza na viongozi wetu juu ya jambo hili, na lini?

3. Katika mtaa wetu, ni swali gani la haki ambalo hakuna anayelisimamia kwa sasa? Je, jumuiya yaweza kusimama pamoja, ili asisimame mtu mmoja peke yake?